Wageni wa Tumbo

"Raia wa Uvira! Wakaaji wa Kavimvira, wa Mulongwe, wa Kalundu, hadi kule barabara inapochoka! Wakati wa matumbo ya zamani umekwisha! Leo, mbele ya macho yenu, tumbo jipya linaingia mjini!"

Hivyo ndivyo Docteur Bonaventure alivyofungua semina yake katika ukumbi wa parokia. Alisimama juu ya kiti cha wanakwaya, koti jeupe likimfika magotini, kipaza sauti mkononi, ingawa ukumbi wenyewe ni mdogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya mlangoni, wa ukutani anamwambia pole bila kuinua sauti. Aliinua mkono ili maneno yake yazame. Halafu uso ukambadilika rangi. Alishuka kitini kwa adabu, akamwinamia mzee wa kanisa, akamnong'oneza swali fupi. Mzee alimwonyesha kidole upande wa nyuma.

Choo cha parokia kimejengwa kwa mabati, na mabati hayajui kutunza siri. Ukumbi mzima ulikaa kimya, mikono mapajani, ukasikiliza tumbo jipya likiingia mjini.

Katika safu ya mwisho, Merdi alikuwa ameuma mkono wa shati lake ili asilie kwa kicheko. Alikuwa na miaka kumi na sita, amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya mapadre, na huko alikuwa amejifunza mambo mawili kwa ukamilifu: kuandika insha ndefu juu ya jambo dogo, na kuiga sauti ya mtu yeyote mwenye cheo. Jambo la pili lilikuwa limekwisha kumpatia adhabu. Muhula uliopita darasa zima lilitoka na kupanga mstari uwanjani kwa amri ya mkuu wa nidhamu, na mkuu wa nidhamu wakati huo alikuwa mezani, anachambua mifupa ya samaki.

"Weye, uko nacheka nini?" shangazi yake Georgette alimnong'oneza bila kugeuza shingo.

"Sicheke, Tantine. Niko naombea Docteur."

Docteur alirudi akiwa amejifuta jasho na amepata maelezo. "Mumeona?" alisema, akapanda tena kiti. "Ile ilikuwa tumbo ya zamani, ilikuwa napigana! Ya mupya imeshinda!"

"Amina!" wakasema akina mama, na Georgette alisema kwa nguvu kuliko wote.

Udocteur wa mtu huyu, kwa kadiri Merdi alivyoweza kuupeleleza, ulitokana na mafunzo ya wikendi moja ng'ambo, Bujumbura. Alikwenda huko akiwa fundi wa antena, akarudi na koti, kipaza sauti, na tabia ya kuwaita watu wazima "wapendwa matumbo." Juu ya meza alipanga makopo yake. Moja lilikuwa la bakteria wazuri walio hai, ambao, alisema, wamelala ndani ya kidonge wakingoja kuamshwa. Mengine yalikuwa ya zinki, ya chuma, ya kalsiamu, na ya kitunguu saumu kilichokaushwa. Alieleza kwamba bakteria hao wanafanya usafi tumboni kama vile kamati ya mtaa inavyofanya usafi Jumamosi, ila wao wanafanya kweli.

Georgette alisimama kuuliza. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamrisha mvua. "Docteur, kama wako hai, wanakula nini?"

"Wanakula ugonjwa, Mama."

Ukumbi ukapumua kwa mshangao. Merdi akafumba macho. Katika somo la biolojia walikuwa wamefundishwa kwamba viumbe wa jamaa hiyo wanapatikana bure, au karibu bure, katika maziwa yaliyoganda, yale mashanza ambayo Inamahoro, muuza maziwa, anayateremsha kutoka milima ya Bijombo kwa bidoni, madumu ya plastiki, na ambayo mama hawa hawa wameyanywa tangu hawajaota meno. Sasa walikuwa wamepanga mstari kununua ndani ya kopo kile walichokuwa wakikinywa kwenye kikombe. Merdi aliwatazama mmoja mmoja, wote watu wa heshima, wote wakinyoosha mikono, akaona kwamba Mungu alikuwa amemwekea likizo nzuri.

Nyumbani, katika ua wao wa Kavimvira, koko Consolate, bibi yake Merdi, alikuwa amelala mkekani kivulini mwa ukuta. Huyo ni mama yake Georgette, na ndiye aliyemlea Merdi tangu baba yake alipofariki. Miaka yote hiyo alianika ndagala, wale dagaa wadogo, mchangani mwa ziwa, akiwafukuza kunguru kwa matusi ya Kifuliiru ambayo mapadre hawangependa mwanafunzi wao ayajue. Sasa alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Tifoide, homa ya matumbo, ilikuwa imemshika vibaya. Lakini Blandine, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa amempa vidonge vya antibiotiki, na homa ilikuwa imeanza kurudi nyuma. Jana yake koko alikuwa ameomba sombe, yale majani ya muhogo. Leo alikuwa ametukana kunguru mmoja. Nyumba nzima ilifurahi.

"Hivi vidonge vyangu," Blandine alikuwa amemwambia, "asubuhi na magaribi, na maji. Peke yake. Usikatishe hata kama umejisikia muzuri. Ukikatisha, ile ugonjwa itarudi na hasira."

"Nimesikia, mwanangu," koko alikuwa amejibu, na alipofanya ahadi alikuwa mtu wa kuitunza. Kumbukeni tu kwamba hiyo haikuwa ahadi yake ya mwisho.

Georgette aliingia uani na makopo yote ya Docteur ndani ya mfuko, pamoja na cheo. Akina mama walikuwa wameunda kikundi, Mama wa Tumbo Safi, wakamchagua yeye kuwa rais, na kabla ya jua kuzama kikundi kilikuwa na ukurasa wake katika simu, na picha ya tumbo lenye mwanga.

"Na koko pia atameza," alisema rais. "Docteur anasema bakteria wanamurudishia mugonjwa nguvu."

"Muulize kwanza Mama Blandine," alisema Merdi. Ni lazima tumtendee haki: alisema hivyo, mara moja, akiwa anatafuna hindi.

"Blandine ana kazi mingi. Hii si dawa, ni chakula cha ndani ya kopo."

Merdi alirudia hindi lake. Moyoni alikuwa ameanza kutunga. Dhihaka inapompata kijana aliyesoma bweni, inampata kama njaa. Hawezi kulala nayo. Siku iliyofuata alikwenda nyuma ya jiko, akachukua simu ya zamani yenye namba ambayo hakuna aliyeijua, akaweka juu yake picha ya Docteur Bonaventure na koti lake, akajiingiza katika kikundi cha Mama wa Tumbo Safi, ambacho kilimkaribisha mara moja kwa sababu rais aliona koti tu. Akakohoa kama Docteur anavyokohoa. Akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti, akaanza:

"Wapendwa matumbo, ni Docteur wenu anawasemesha. Nimepata ufunuo wa kisayansi. Sikilizeni. Bakteria ni mugeni. Zinki ni mugeni. Chuma ni mugeni. Kalsiamu ni mugeni. Sasa muniambie, mama zangu: kwenu wageni wakifika, unafungulia mumoja na wengine unaacha inje? Mumoja unamupa kiti asubuhi, mwengine unamuambia arudi magaribi? Hapana! Ni haya! Yule wa magaribi atasema alizarauliwa, na mugeni mwenye alizarauliwa hafanye kazi. Kwa hiyo kila kidonge chenye kiko mu nyumba kiingie mara moja, kinywa kimoja, asubuhi na magaribi, kengele ya parokia ikilia. Na musimeze na maji. Mumeze na mashanza ya Bijombo, juu mule muko bakteria ya ku milima, na hawa wa mu kopo ni ndugu zao ya mujini, hawajaonana siku mingi. Neno la mwisho: musiambie wauguzi. Wauguzi wako na wivu. Amina."

Alitaka kutuma, lakini kicheko kilimshika kwanza. Akakaa chini nyuma ya kuni na kucheka mpaka mbavu zikamuuma, ndipo akatuma.

Alikuwa amedhani watacheka na wao, angalau mmoja. Alikuwa hajawajua vizuri. Mikono ya maombi ilianza kumiminika katika kikundi. Mama mmoja aliandika kwamba jambo la kudharau wageni lilikuwa limemchoma moyo, kwa maana yeye alikuwa amekimeza chuma asubuhi na kuiacha zinki peke yake mpaka usiku, na usiku huo tumbo lilinung'unika. Sasa alielewa nani alikuwa akinung'unika. Mwingine aliuliza kama wageni waimbiwe. Rais alijibu kwamba waimbiwe, kisha akamsikilizisha koko odio hiyo, yaani ile sauti iliyorekodiwa, na koko akaahidi kuitii.

Basi, kuanzia hapo, kengele ya parokia ilipolia asubuhi na jioni, mitaa yote ya upande huo iliona jambo ambalo halijaandikwa katika kitabu chochote cha tiba. Wanawake wazima walisimama uani mwao, viganja vimejaa vidonge vya kila rangi, wakaimba ubeti mmoja wa kukaribisha, wakafumba macho, wakavitupa kinywani vyote pamoja na kuvisukuma kwa mashanza. Inamahoro hakuelewa kwa nini bidoni zake zinakwisha kabla hajafika sokoni. Alimshukuru Mungu na kuongeza bidoni.

Matumbo nayo yalitoa maoni yao. Zinki na chuma vikikutana ghafla katika tumbo lisilo na chakula havina adabu. Wapendwa matumbo walianza kutapika, kuvimbiwa, kukimbia. Jumapili kwaya iliimba kwa tahadhari kubwa, hasa sauti za chini, na padre alifupisha mahubiri bila kuambiwa na mtu. Lakini hakuna aliyetilia shaka kitu. Walisema ni tumbo la zamani linapigana. Docteur mwenyewe, aliyekuwa hana habari ya ufunuo wake, aliona makopo yanakwisha haraka, akajisifu kwa hotuba yake.

Merdi alitembea mjini kama mtunzi anayesikia wimbo wake unaimbwa kila mahali na hawezi kusema ni wake.

Jambo moja tu lilimkwaruza, na lilikuwa dogo, nalo lilikaa katika fundo la kitenge.

Ilikuwa kengele ya asubuhi. Georgette alikuwa amesimama katikati ya ua, macho amefumba, anaimba. Koko alikuwa ameketi mkekani na vidonge vya kopo kiganjani, na Merdi alikuwa amemshikia glasi ya mashanza, kwa kuwa mikono ya koko ilitetemeka. Polepole, huku akimtazama binti yake asimwone, koko alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa kidonge kikubwa cheupe cha Blandine, akakiweka katikati ya vingine.

"Koko, hiki si kya hospitali?" Merdi alinong'ona.

"Ni kya hospitali. Docteur alisema kila kidonge chenye kiko mu nyumba." Alimtazama mjukuu wake kama mtu anayefundisha adabu. "Huyu naye ni mugeni. Minye nimufungie inje peke yake, kama mubaya?"

Merdi alifungua kinywa. Ili kumzuia, ingebidi aseme sheria ya wageni ilitoka wapi, na Georgette alikuwa hatua mbili kutoka hapo, mwenye kandambili nzito. Akajiambia kwamba makopo ya Docteur pengine ni unga wa muhogo tu, haudhuru kitu. Akajiambia kwamba mashanza ni mema, ni chakula, ni biolojia. Akapeleka glasi kwenye midomo ya koko, na koko akameza wageni wote kwa adabu, akafuta ndevu za maziwa, akasema asante.

Jioni, vilevile. Asubuhi iliyofuata, vilevile.

Homa ilirudi taratibu, kama mtu aliyesahau kofia. Kwanza koko aliacha sombe. Kisha aliacha kuwatukana kunguru, nao wakatambua haraka, wakaja kutembea mpaka kwenye mkeka. Siku alipoanza kumwita Merdi kwa jina la marehemu baba yake, Georgette alivua urais kwa muda, akaenda mwenyewe kumwita muuguzi.

Blandine alikuja na mkoba wake mchana ule ule. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyecheka ovyo, mwenye macho ya kuhesabu. Alipima homa, akagusa tumbo, akatazama ulimi. Kisha akaona makopo yamepangwa ukutani kama watakatifu.

"Hii yote ni ya nani?"

"Ni yetu," alisema Georgette, na sauti yake ilikuwa imepungua upana. "Ya Docteur."

"Ya Docteur gani?"

"Bonaventure."

"Wa antena?"

Blandine aliinua kopo moja baada ya jingine, akasoma maandishi madogo, jambo ambalo hakuna mpendwa tumbo hata mmoja aliyekuwa amelifanya. "Bakteria si mubaya," alisema. "Kuna wakati minye mwenyewe naambia mutu atumie. Lakini mutu mugonjwa hivi, mwili umechoka hivi, anauliza kwanza. Na anaanza na kitu kimoja, anangoja aone mwili unasema nini, njo anaongeza kingine. Nyinyi mulianza na soko muzima. Munameza namna gani?"

"Yote pamoja," alisema Georgette. "Kengele ikilia."

Blandine alifunga macho kidogo, kisha akageuka kwa mgonjwa. "Koko. Unisikilize muzuri. Dawa yangu mimi, ile nyeupe. Ulikuwa unameza nayo mule ndani?"

Koko Consolate, na homa yake yote, alikumbuka kwamba Docteur alikuwa amesema wauguzi wasiambiwe. "Hapana," alisema kwa utulivu wa mtu anayesali. "Yako nilikuwa nameza peke yake. Na maji. Sawa vile uliniambia."

Merdi, aliyekuwa ameegemea mlango wa jiko, aliona ukuta wa ua unakuja karibu.

"Basi dawa imeshindwa," alisema Blandine. Alikaa juu ya kigoda na kutoa kalamu. "Inabidi nyingine, ya sindano, mu mushipa, na mutu wa kumuangalia usiku na muchana. Hapa mujini wodi zimejaa kipindupindu. Namuandikia hospitali ya Lemera, kule ku milima. Apande leo."

"Lemera?" Georgette alishika kichwa. "Na hii mvua? Pikipiki haifike juu, watamubeba ku mabega. Atakufa mu njia!"

"Naye akibaki na dawa yenye haifanye kazi, atakufa hapa. Kama angekuwa alichanganya, ningesema ingine. Zile zinki na chuma na kalsiamu, na maziwa pia, zinashika ile dawa mu tumbo, haiingie mu damu. Inapita tu, inatoka. Mutu wa namna hiyo, namurudishia dawa ile ile, hapa hapa mu ua, namufuata kila siku. Lakini anasema hakuchanganya." Akaanza kuandika. "Nani aliwaambia mumeze pamoja?"

Georgette alikuwa amekwisha kumpigia simu mwenye kosa. Docteur Bonaventure aliwasili kwa pikipiki, koti likipepea, akidhani ameitwa kutoa ushuhuda. Alipoelezwa, alirudi nyuma hatua moja.

"Minye? Sijasema hata siku moja! Nilisema... nilisema muanze na kopo moja." Alifikiri. "Au nilisema mununue kopo moja moja. Lakini pamoja, hapana!"

"Weye uko muongo!" Georgette alitoa simu kama mtu anayetoa panga. "Nilitunza odio yako. Wote tuko nayo."

Akaifungulia, na ua mzima ukasikia: *Wapendwa matumbo, ni Docteur wenu anawasemesha.* Docteur aliinamisha kichwa kusikiliza. Ilipofika kwenye wageni wa magaribi, uso wake ulilegea. Ilipofika kwa ndugu wa milimani na wa mjini, alionekana kuguswa.

"Ni sauti yangu," alikiri polepole. "Sikumbuke. Lakini kama ni minye nilisema, basi... ile mambo ya wageni iko na sayansi ndani."

"Nyamaza, fundi," alisema Blandine.

*Wauguzi wako na wivu. Amina*, ilisema simu. Georgette alinyoosha kidole kuifunga, kama alivyoifunga kila mara, kama walivyoifunga wote, kwa maana baada ya Amina mtu mwenye adabu hana la kusikiliza. Blandine alimshika mkono.

"Ngoja. Haijaisha."

Sauti ya kuni zikigongana ilitoka ndani ya simu. Kisha kicheko, kikizuiwa kwa mkono wa shati, kikishindwa. Kisha, kwa mbali lakini wazi kabisa, sauti ya kike iliyochoka: *Merdi! Weye Merdi! Bugali inapoa, uko unafanya nini nyuma ya jiko?*

Ilikuwa sauti ya koko Consolate.

Kunguru mmoja alipita uani kwa miguu. Docteur alikuwa wa kwanza kugeuka, na tabasamu lilikuwa limeanza kumrudia usoni, pana, la mtu aliyepewa tena cheo chake. Georgette aligeuka wa pili, simu ameishika kama kandambili.

"Ilikuwa muchezo," alisema Merdi. Maneno yalimtoka kwa sauti ya Docteur, kwa mazoea. Akakohoa. "Ilikuwa muchezo tu. Nilifikiri watacheka."

"Sikuulize juu ya muchezo," alisema Blandine. Hakuwa amepandisha sauti. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi, na neno Lemera lilikuwa limekwisha kuandikwa. "Huyu tantine wako atakuuliza nayo, na nitamuachia nafasi. Minye niko na swali moja tu." Lakini alimwuliza koko, si yeye. "Koko, sasa unajua Docteur hakusema kitu. Hauna ahadi ya kutunza. Dawa yangu, ulimeza peke yake, ao pamoja?"

Koko alimtazama mjukuu wake mlangoni. Alimtazama muda mrefu, kwa macho mekundu ya homa. Halafu akayageuza kwa muuguzi.

"Peke yake," alisema. "Nimekwisha kusema. Na huyu mutoto asiguswe. Hakunifanya kitu. Nikifa, ni tifoide iliniua, haiko yeye."

"Basi," alisema Blandine, akaendelea kuandika.

Merdi alikuwa na hotuba. Alikuwa nayo tayari, ya aina ile ya bwenini, yenye utangulizi na sehemu tatu, ya kuonyesha kwamba kosa ni la jamii nzima inayonunua makopo bila kusoma. Alitafuta sauti ya kuisemea. Ya mkuu wa nidhamu haikuja. Ya padre haikuja. Ya Docteur ilikuwa imesimama pale pale mbele yake, ndani ya koti, inachekelea. Aliona pikipiki kwenye matope, kisha mabega ya watu wanaopanda na machela kwenye njia nyembamba, mvua juu yao, na chini ya turubai kikapu kitupu kinachomtetea. Iliyobaki ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ambayo hakuwa ameitumia siku nyingi, nayo ilimpasukia katikati.

"Koko anadanganya," alisema. "Anadanganya juu ya kunilinda. Kidonge chako anakitunza mu fundo ya kitenge. Anakitoa kengele ikilia, Tantine akiwa nafunga macho, anakichanganya na vyote vya kopo. Asubuhi na magaribi. Nilimuona. Nilimuona siku ya kwanza, nikajua ni juu ya odio yangu, nikaogopa kandambili."

Koko alisema jina lake kwa sauti ya chini, kumzuia.

"Na maji hakunywa hata kidogo," aliendelea Merdi, na sasa alikuwa analia bila kujificha, kamasi na yote, mbele ya fundi wa antena. "Alimezea mashanza. Glasi ni minye nilikuwa namushikia."

Blandine aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Kila mara?"

"Kila mara, Mama. Hakuna hata mara moja alimeza peke yake. Nilikuwa naona, na nilikuwa nanyamaza."